Ndege wa Vidole Vinne

Siku Msusi alipoomba kufundishwa kufuma, mama mkwe wake hakumtukana wala hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ilikuwa alasiri, wamekaa sebuleni wawili tu. Msusi alikuwa akimkanda bibi yule vidole kwa mafuta ya uvuguvugu, kama alivyofanya tangu viungo vyake vianze kukakamaa. Nusu ya sebule hiyo ilikuwa imekaliwa na kitanda cha mfumi, mtambo wa mbao wa kufumia nguo, mkubwa kuliko kabati na mzito kuliko makochi yote yakijumlishwa. Mgeni akiingia ilibidi apite ubavu. Siku moja mume wa Msusi alijisahau akaanika taulo juu yake, na mtu mzima yule, fundi bomba mwenye ndevu zake, alisemwa mpaka akaenda kulala bila kula.

Mama mkwe alikuwa mtu wa mwisho aliyejua kufuma shuka la nyayo. Lilikuwa shuka la nyuso mbili. Huku lina rangi nyekundu na nyayo nyeupe za ndege, ukiligeuza linakuwa jeupe na nyayo nyekundu. Upande mmoja ndege anakwenda, upande wa pili anarudi. Lakini sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na vidole vyake havikuweza hata kufunga kifungo cha blauzi.

"Mama," Msusi alisema, akikinyoosha kidole cha shahada taratibu, "nifundishe. Wewe sema, mimi nifanye. Macho ninayo na mikono ninayo."

"Kazi hii inakwenda na damu, mwanangu. Ilinifikia kwa mama yangu, naye aliipata kwa mama yake. Mimi Mungu alinipa wavulana watupu, na shemeji yako naye kazaa wavulana. Nizalie mjukuu wa kike, nitamfundisha."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mlango." Mama mkwe alisema hivyo kwa upole, kama anayemwambia mtu leo ni siku gani, na mkono wake bado umo mkononi mwa Msusi. "Watu wanapita mlangoni kwenda chumbani. Hakuna anayekaa mlangoni."

Msusi aliolewa katika nyumba ile miaka mingi iliyopita na hakuwahi kupata mtoto. Mimba zilikuja zikaondoka, na kila ilipoondoka moja, bibi huyuhuyu ndiye aliyemchemshia maji na kumlaza. Hakuwa mtu mbaya. Msusi alimaliza kukanda kidole cha mwisho, akafuta mafuta, akafunga chupa. Kisha alitoka uani akaosha masufuria ambayo yalikuwa safi tangu asubuhi, na majirani wa pande zote mbili wakasikia yanavyooshwa.

Jina la Msusi lilitokana na kazi yake. Kibanda chake cha kusukia kilikuwa ubavuni mwa duka la dawa, viti viwili na kioo kimoja chenye ufa. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mama mmoja mwembamba ambaye kila akija ana manyoya kichwani. Si yake, ya kondoo. Msusi alikuwa akiyatoa moja moja kabla ya kuanza kusuka, akinung'unika.

"Mwalimu, hivi unalala zizini?"

"Nalala kwangu. Nashinda na sufu." Mwalimu alikuwa na darasa la kazi za mikono, kwenye ukumbi uliokuwa ghala la saruji. Walijifunza kusokota uzi, kufuma kwa sindano, kufuma kwa kitanda.

Mikono ya Msusi ilisimama kichwani mwa mteja. "Mnachukua mtu gani?"

"Anayefika."

"Hamuulizi mama yake ni nani?"

Mwalimu alicheka mpaka mistari ya nywele ikapinda. "Tunauliza kama ana pumu, basi. Vumbi la sufu si la mchezo."

Msusi alifika. Ukumbi ulikuwa na madirisha marefu yasiyo na vioo, na saruji ya zamani bado ilikuwa imeganda kwenye nyufa za sakafu. Kulikuwa na harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Wanawake walikaa kwenye mabenchi wakichana sufu, na katikati yao alikaa mwanamume mmoja mwenye mabega kama mlango wa gari, akifuma kikofia cha mtoto kwa sindano mbili. Walimwita Afande. Alikuwa askari jela mstaafu, hana mjukuu, na vikofia vyake alimgawia yeyote aliyeonekana ana mimba.

Msusi alikabidhiwa kijiti chenye kisahani cha mbao. Unakizungusha kama pia ya watoto, unakiacha kinaning'inia hewani, na huku unaivuta sufu kidogo kidogo mpaka igeuke uzi. Mwalimu alifanya mara moja, uzi ukatoka mwembamba na mrefu, kama aliyekuwa akiuchomoa tu mahali ulipokuwa umefichwa. Msusi alifanya, ukatoka kitu kama chatu aliyemeza mbuzi, halafu kikakatika. Kijiti kilianguka, kikabingirika mpaka chini ya benchi la Afande.

"Usiibane hivyo," Afande alisema, akimrudishia. "Sufu haijakukosea kitu."

Watu walicheka. Msusi naye alicheka, lakini moyoni alikuwa anawaka. Kwa miaka yote hakuna kichwa kilichowahi kumshinda, kipilipili wala laini, na sasa alikuwa anashindwa na nywele za kondoo. Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Alisokota huku anasubiri wateja kibandani, alisokota anasubiri maji yachemke. Chatu alikonda akawa nyoka wa kawaida, nyoka akawa kamba, na hatimaye kamba ikawa uzi.

Hakuficha. Siku ya kwanza tu alipoingia nyumbani, mama mkwe, ambaye pua yake haikuwa imezeeka hata kidogo, aligeuza kichwa.

"Unanuka kondoo."

"Ndiyo, mama. Natoka ukumbini, najifunza kusokota."

"Ukumbini!" Bibi alicheka peke yake. "Watu wanajifunza kufuma kwa kupangiwa saa, kama wanafunzi wa udereva."

"Hata madereva wanafika, mama."

Fundi bomba aliinamia sahani yake na kula haraka. Kwa mambo ya wanawake wale wawili alikuwa na msimamo mmoja, nao ni kuinama.

Msusi alipofuma kitambaa chake cha kwanza, cha kawaida kabisa, cha rangi moja, alikileta nyumbani. Mama mkwe alikipapasa pande zote, akakinusa, akamrudishia. "Gunia zuri," alisema. Msusi alikitandika kwenye kiti chake mwenyewe, kile kinachotazamana na cha bibi, na kuanzia hapo kila jioni alilikalia gunia lake bila kuona haya.

Lakini hakuwa amekwenda ukumbini kutafuta magunia. Alipoona mikono imezoea, alimuuliza Mwalimu juu ya shuka la nyayo.

"Nililiona mara moja," Mwalimu alisema. "Ni nguo mbili zinazofumwa kwa wakati mmoja, moja juu ya nyingine, hilo najua. Zinapobadilishana nafasi ndipo nyayo zinatokea. Sasa zinabadilishana vipi bila kuacha tundu, hapo umenifikisha mwisho."

"Nani anajua?"

"Ninayemjua ni mmoja, na unakaa naye."

Mama mkwe alikuwa amebaki na shuka moja tu la nyayo, alilofuma mwenyewe akiwa mwari. Mengine yote yalitoka, kwa harusi za watu na kwa misiba ya watu. Hilo moja lilikaa sandukuni, na panya walikuwa wameshalitoboa pembeni. Msusi alipiga moyo konde akamwomba kwa adabu zote, amepiga magoti, akamwambia hataki kufundishwa neno, anataka kulitazama tu.

"Hilo nitazikwa nalo," mama mkwe alisema.

"Na kazi yake je?"

"Nayo nitazikwa nayo."

"Mama, bora ife kuliko kunipa mimi?"

Bibi aliinamisha kichwa. Msusi alidhani labda amelainika. "Bora ife ikiwa yetu," bibi alisema.

Msusi aliinuka, akajipangusa vumbi magotini. Siku ile hakuosha masufuria. Alikaa juu ya gunia lake akamtazama yule bibi, anayemtazama bila kumwona vizuri, na akaamua.

Asubuhi fundi bomba alipompeleka mama yake kliniki ya macho, Msusi alifunga kibanda, akarudi nyumbani, akafungua sanduku. Alilitandaza shuka mezani karibu na dirisha. Alianzia pale panya walipokwisha kula, akachukua sindano butu, akaanza kulifumua.

Alifumua mstari mmoja, akasimama, akautazama. Alifumua wa pili. Kila uzi aliouchomoa aliupanga mezani kwa mfuatano wake, mwekundu huku, mweupe kule. Mwanzoni hakuelewa kitu. Nyuzi zilizama na kuibuka bila mpango, na alipodhani amezipata zilimtoroka. Kisha aliacha kutazama, akafumba macho, akaziachia vidole, kama anavyofanya kichwani mwa mteja anayetaka asukwe rangi mbili. Hapo ndipo alipohisi. Nguo ya chini haikuwa inatoboa ya juu. Zilikuwa zinapishana, uzi kwa uzi, kama watu wawili kwenye ujia mwembamba, huyu anajikunja kidogo na yule anajikunja kidogo. Tundu halikuwepo kwa sababu hakuna uzi uliotangulia mwenzake.

"Kumbe!" alisema kwa sauti, peke yake sebuleni, na machozi yakamtoka.

Alikuwa bado ameinamia meza mlango ulipofunguliwa. Daktari wa macho hakuja kazini siku ile, kwa hiyo wagonjwa walirudishwa wote. Fundi bomba aliingia wa kwanza, akaona meza, akapigwa na butwaa. Angeweza kumgeuza mama yake amrudishe nje kwa kisingizio chochote, maana bibi asingeona. Lakini bibi alikuwa amekwishanusa.

"Sanduku langu liko wazi," alisema. "Nasikia harufu ya dawa ya nondo."

Alikuja mezani kwa kupapasa, akagusa shuka, akafuata upindo wake mpaka mkono ukafika mahali ambapo hapakuwa na nguo tena, nyuzi tu zilizolegea.

"Nimelifumua," Msusi alisema. "Mimi. Na nitalifuma tena."

Mama mkwe hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, palepale, kama mtu aliyekatwa miguu, akaziweka nyuzi zile mapajani. Msusi alimwinamia kumwinua na mkono wake ukasukumwa.

Kikao kiliitwa Jumapili. Alikuja shemeji, kaka mkubwa wa mume wake, ambaye kwa kawaida alikuja nyumba ile akiwa na shida ya bomba. Alikuwa mtu wa sauti. Hata akiomba chumvi ungedhani anatangaza matokeo. Alikaa katikati, mama yake kulia, mdogo wake kushoto, na Msusi akawekwa kwenye kigoda kama mshitakiwa.

"Shemeji," alisema, "jambo lenyewe ni jepesi. Umeiba, umeharibu, umemvunjia mama heshima. Hapa tunataka maneno matatu. Uombe radhi, uache kwenda huko ukumbini, na uape kwamba ulichokiona hutakifanya."

"La kwanza nalipokea nusu," Msusi alisema. "Kuchukua bila ruhusa nimechukua, na kwa hilo, mama, nisamehe. Shuka nitalirudisha lilivyokuwa, na matundu ya panya nitayaziba. Lakini kujua siombei radhi, na hakurudishiki. Ukumbini nitakwenda. Na nyayo nitazifuma."

"Unamjibu nani hivyo?"

"Nawajibu nyote, shemeji. Niliomba kwa magoti nikaambiwa mimi ni mlango. Sasa nimesimama."

Mama mkwe alikuwa amekaa wima, ameitazama ile sauti. "Mtoto huna," alisema taratibu. "Utamwachia nani?"

Fundi bomba aliinua kichwa. Msusi alihisi neno lile likimshuka mpaka tumboni, mahali linapojua njia, na akalisubiri lifike. Lilipofika alisema, "Nitamwachia atakayeomba."

"Mdogo wangu," shemeji aligeuka, "huyu ni mke wako. Sema kitu basi, au umemezwa?"

Fundi bomba alikuna ndevu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mengi ya hayo yalihusu maji. "Mimi kazi yangu nilifundishwa na mzee mmoja tuliyekutana mtaroni," alisema. "Nilikuwa napita tu, akaniambia shika hapa. Hata kabila lake sikuwahi kumuuliza. Na kaka, kila bomba lako likipasuka unaniita mimi, humuulizi mzee yule alikuwa damu ya nani."

"Basi mimi nahama," mama mkwe alisema.

Akahama kweli. Alikwenda kukaa kwa mwanawe mkubwa, ghorofani, ambako kitanda cha mfumi kisingepita hata ngazini. Kilibaki sebuleni. Msusi hakukigusa. Mwalimu alimuuliza kwa nini anahangaika kusubiri zamu kwenye vitanda vya ukumbini na nyumbani kiko kizima, akamjibu kwamba alichokichukua kimemtosha, na kile kina mwenyewe.

Mtaani habari ilifika kabla ya masanduku ya bibi kushuka kwenye gari: Msusi kamfukuza mama mkwe. Wateja wawili walihamia kibanda cha pili. Mmoja aliyebaki alimuuliza waziwazi, akimtazama kwenye kioo chenye ufa, "Eti ni kweli?"

"Ni kweli amehama. Geuza kichwa."

Lakini nyumba ilikuwa kimya. Jioni hakuna aliyemwambia chumvi imezidi, wala kwamba pazia limefungwa ovyo. Chupa ya mafuta ya kukandia ilikaa dirishani, na kila alipoipita alijiuliza ni nani huko ghorofani anayemnyoosha bibi vidole. Alimtuma mume wake na chupa. Ilirudi haijafunguliwa. Alimtuma nayo tena siku ya pili. "Mwambie mafuta hayana damu," alisema. Safari hiyo haikurudi.

Shuka, ambalo bibi alikataa kuhama nalo, Msusi alilirudisha lilivyokuwa kwa sindano, uzi kwa uzi, kwa nyuzi zilezile za zamani, na mahali palipoliwa na panya aliingiza uzi aliousokota mwenyewe. Alipolimaliza alitandika mtande mpya, zile nyuzi za urefu, kwenye kitanda cha ukumbini, nyuzi nyekundu juu na nyeupe chini, akaanza shuka lake. La kwanza lilijikunja kama sikio, akalifumua. La pili lilikuwa na matundu ungeweza kupitishia kidole, akalifumua nalo. Afande, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani, alisema magerezani hajaona adhabu kama ile. La tatu lilisimama.

Siku hiyo watu wote ukumbini waliacha kazi wakaja kuligeuzageuza, huku ndege anakwenda, huku anarudi. "Tufundishe," alisema mwanamke mmoja wa kule nyuma, muuza mkaa, ambaye kwa kawaida hakufungua mdomo. Msusi alimtazama. Alimwona ameogopa kukataliwa, na amejitayarisha kujifanya alikuwa anatania.

"Vuta benchi," Msusi alisema.

Ndivyo habari ilivyofika ghorofani: kwamba shuka la nyayo sasa linafumwa ghala la saruji, tena na muuza mkaa, tena na askari jela.

Mama mkwe aliingia ukumbini asubuhi moja, ameshikwa mkono na mwanawe mkubwa, amevaa nguo zake za kutokea. Shemeji alifungua mdomo kutangaza, bibi akamfinya, akanyamaza.

"Nimekuja kusema mbele ya watu," mama mkwe alisema. "Mnachofuma humu kimeibwa nyumbani kwangu. Aliyeiba ni mke wa mwanangu. Mjue."

Mwalimu alisimama, akamtazama Msusi. Msusi hakuacha kukanyaga kanyagio za kitanda chake. Aliupitisha mshindio, uzi wa kukatiza, akaupiga, akaupitisha tena, na mlio wa mbao ukaenda ukumbi mzima. "Wanajua, mama," alisema. "Niliwaambia siku ya kwanza. Nikawaambia pia imeibwa kwa nani, na kwamba hajatokea fundi kama yeye. Karibu ukae."

Bibi hakukaa. Alifuata mlio ule, akipapasa mabega ya watu na ncha za mabenchi, mpaka akafika kitandani. Aliinyoosha mikono yake iliyokakamaa akaishusha juu ya nguo. Vidole vilitembea. Msusi aliacha kukanyaga, maana sasa asingeweza kufuma bila kumbana.

"Umebana sana pembeni," mama mkwe alisema.

"Nimebana."

"Na hizi nyayo zina nini? Mbona..." Vidole vilirudi nyuma, vikahesabu, vikahesabu tena. Uso wake ulibadilika. "Vidole vinne? Nyayo zetu ndege ana vitatu!"

"Zenu ana vitatu. Lile shuka lako nimelirudisha hivyohivyo, vitatu, liko kwenye mkoba wangu hapo. Hili ni langu."

"Nani amekupa ruhusa ya kumwongeza ndege kidole?"

"Hakuna. Nilikwenda kumtazama kuku, mama. Ana vinne. Kimoja kiko nyuma."

"Cha nyuma hakikanyagi!"

"Kwenye tope kinakanyaga."

Kuna mtu alikohoa ili asicheke, na inawezekana alikuwa Afande. Shemeji alikuwa ametoa macho, anatazama huku na huku kama aliyekuja kwenye kesi akakuta ugomvi wa kuku. Midomo ya mama mkwe ilikuwa inatembea. Msusi alimjua vya kutosha kuona kwamba alikuwa anamtembeza kuku kichwani, kwenye tope.

"Nipe shuka langu," alisema mwishowe.

Msusi alilitoa mkobani. Afande aliinuka, akaleta kiti chake, na bibi akakaa bila kumshukuru mtu. Alipitisha upindo kati ya vidole viwili, polepole, na mahali fulani akasimama. Hakukosea hata kwa unywele.

"Ni hapa."

"Ni hapo," Msusi alikubali. "Kuanzia hapo uzi mwekundu ni wa kwangu, ule wa kwako uliliwa."

"Umesokota wewe?"

"Mimi."

Mama mkwe aliusugua uzi ule kwa kucha. Watu walisubiri. Muuza mkaa alikuwa ameshika kibao chake cha uzi kifuani kama anayeomba.

"Sikusamehe," mama mkwe alisema.

"Kwa sanduku, nitazidi kukuomba. Kwa hili, sikuombi."

"Una kiburi."

"Ninacho, mama. Nimekaa na wewe miaka yote hiyo, ningekikosaje?"

Bibi alivuta pumzi kama atakayejibu, kisha akaitoa. Alilikunja shuka lake, akaliweka mapajani. "Huyu aliyenipa kiti," alisema, "ndiye yule askari? Mlio wa kitanda chake nimeusikia nikiingia. Anapiga kama anavunja mlango. Mwambieni anafuma, hakamati mtu."

"Sawa, mama," alisema Afande, amesimama mkakamavu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekumbatiana na mwenzake. Mama mkwe alimwambia mwanawe mkubwa kwamba jioni ile atalala nyumbani kwake, maana huko ghorofani wanampikia vitu laini kama mgonjwa na hakuna wa kubishana naye. Na vitu vyake vilirudishwa na gari lilelile. Mtaani walisema Msusi ameshindwa. Wengine walisema bibi ameshindwa. Msusi alisuka vichwa vyao akawaacha waseme.

Ukumbini bibi hakuwahi kukubali kwamba anafundisha. Alikuja wiki kwa wiki, akakaa kwenye kiti cha Afande, akasikiliza, na kumwambia kila mtu anakosea wapi. Vidole vitatu alivitaka, na waliotaka vitatu walifuma vitatu. Msusi aliendelea na vinne, na muuza mkaa naye akafuata vinne, na kwa hilo bibi hakumsalimia kwa muda mrefu.

Siku moja, akiwa ameinuka kuondoka, mama mkwe alisimama nyuma ya Msusi na kutega sikio.

"Mtande wako wa chini umelegea."

"Haujalegea, mama."

"Nausikia."

"Hapana, uko sawa."

"Haya," bibi alisema, akashika mkono wa mwanawe fundi bomba, aliyekuja kumchukua, wakatoka.

Ulikuwa umelegea kweli. Msusi aliukaza, lakini kwanza alinyoosha shingo dirishani, akasubiri mama mkwe avuke barabara.